Niliziba Ufa, Nikajenga Ukuta

Ukuta mzima ukiugonga kwa kifundo cha kidole hujibu kwa sauti fupi na nzito, kama gunia la mahindi. Ukuta uliooza hulia kama debe. Hilo nililijua nikiwa na umri wa miaka 43, Machi 2012, nimesimama katika chumba alichozaliwa mama yangu, mvua inapiga mabati, na bibi yangu yuko chumba cha pili kitandani ananiuliza kwa sauti ya mtu anayejua jibu: "Unalia nini huo?"

Ulikuwa unalia debe. Na aliyeufanya ulie ni mimi.

Nyumba yenyewe iko kijijini, nje kidogo ya Bombo, mji wa kambi ulioko kilomita kama 35 kaskazini mwa Kampala kwenye barabara ya Gulu. Sisi ni Wanubi. Ndani tunazungumza Kinubi, lugha iliyotokana na Kiarabu cha askari wa Sudan. Sokoni tunazungumza Kiganda. Na Kiswahili tulikirithi kambini, maana ndicho kilichokuwa lugha ya askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki (King's African Rifles). Bibi yetu tulimwita Haboba, ndivyo Kinubi kinavyosema, na hapa nitamwita hivyohivyo.

Tulivyofika Bombo ni hadithi ndefu. Wazee wetu walikuwa askari wa Emin Pasha, daktari mzaliwa wa Ujerumani aliyetawala jimbo la Ikweta kwa niaba ya Misri. Vita vya Mahdi huko Sudan vilipowakatia njia ya kaskazini, Emin aliondoka na Stanley, msafiri aliyetumwa kumwokoa, wakafika Bagamoyo mwishoni mwa mwaka 1889. Wengi hawakumfuata. Walibaki na ofisa wao Selim Bey huko Kavalli, magharibi mwa Ziwa Albert, na mwaka 1891 Lugard, ofisa wa kampuni ya Waingereza iliyokuwa Uganda, akaja kuwachukua, wao na wake zao na watoto na watumishi, akawatawanya katika ngome za magharibi na Buganda. Baba yake babu yangu alikuja tumboni au mgongoni. Hapo Haboba hakuwahi kuwa na hakika. Kuna jambo moja dogo linalonichekesha. Mti wa musizi, ambao mbao zake ziko kwenye paa letu, wataalamu wa mimea wanauita Maesopsis eminii, kwa jina la Emin huyohuyo. Aliwaacha wazee wetu Kavalli, lakini yupo juu ya vichwa vyetu kila usiku.

Babu aliingia Keya kama baba yake. Mwaka 1944 alikuwa Burma, katika bonde la Kabaw, pamoja na wale askari wa Afrika Mashariki walioteremka bonde lile wakati wa mvua za masika ya huko. Vita vyenyewe hakuvizungumza. Alichozungumza ni matope. Alisema aliona lori linazama hadi usukani, na magogo yaliyotandikwa barabarani yakamezwa na siku ya pili ukatandikwa mstari mwingine juu yake. Aliporudi, na kiinua mgongo chake cha askari mkononi, mwaka 1947 akajenga nyumba ya matope. Watu walimshangaa. Wenzake wengine walitaka matofali. Yeye alisema matope ameshayajua tabia.

Sasa niieleze nyumba, maana sehemu hii ndiyo ninayoipenda.

Ni nyumba ya kiambaza, futi 36 kwa 24, paa la migongo minne. Mbele kuna baraza pana la kukaa watu kumi, katikati sebule inayopita moja kwa moja hadi ua wa nyuma, na vyumba viwili kila upande. Nguzo ni za musambya, mti ambao mafundi wa Buganda wanauamini kwa kuwa mchwa huuchelewa. Sisemi hawaugusi. Huuchelewa. Milango na madirisha ni mvule, mizito kiasi kwamba mtoto wa miaka mitano hawezi kufungua mlango wa mbele peke yake, na nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa nia. Fito ni matete yaliyofungwa kwa kamba za mgomba ndani na nje ya nguzo, na katikati yake umeshindiliwa udongo.

Udongo ulitoka kwenye kichuguu. Hapa wageni huguna: unajengaje kwa nyumba ya adui? Lakini mchwa ni fundi. Huchagua chembe ndogondogo kutoka chini, huziunganisha kwa mate yake, na udongo wake ukivunjwa, ukaloweshwa na kukanyagwa pamoja na majani makavu yaliyokatwakatwa, hushika kuliko udongo wa shimo lolote. Msimu wa kumbikumbi kichuguu hicho hicho hukulisha. Kisha siku moja wanae wanakuja kuidai nyumba.

Juu ya kiambaza ulipita mkono wa pili wa udongo laini na mavi ya ng'ombe na jivu, kazi ya wanawake, kisha chokaa. Juu kabisa, mabati. Mabati yale ni ya enzi za Waingereza, mazito. Siku hizi dukani unauliziwa geji 28, 30 au 32, na kadiri namba inavyopanda bati linazidi kuwa jembamba. Lile la babu ukilipiga ngumi utaumia wewe.

Nilikuwa na miaka kumi serikali ya Amin ilipoanguka, Aprili 1979. Amin alikuwa amejikumbatisha na Wanubi, na alipokimbia deni lake likaja kudaiwa kwetu, hata kwa wale ambao hawakuonja chochote. Tuliondoka usiku, tukapanda kaskazini hadi Arua, kisha Sudan. Haboba alibeba sufuria, Kurani na ufunguo wa mlango wa mbele. Jirani yetu Mganda, bibi tuliyemwita Jajja, alikuja asubuhi akahamia kwenye nyumba yetu na kuku wake, akawaambia waliokuja kupora kwamba ni yake. Kwa maneno hayo tu mabati ya mbele yalisalimika. Ya upande wa nyuma yaling'olewa, vyumba viwili vikabaki wazi. Miaka miwili baadaye vita vya Luweero, kati ya waasi na serikali, vikamkimbiza Jajja mwenyewe.

Tulirudi 1987. Ufunguo ulifungua. Vyumba vile viwili vya nyuma havikuwepo: palikuwa na vilima viwili vya udongo vilivyoota majani, kama makaburi ya watu wanene. Mimi, kijana wa miaka 18, nililia kwa hasira. Haboba alichukua jembe, akachimba kilima, akachukua udongo kiganjani, akautemea mate, akaufinyanga. "Huu mzima," alisema. Tulijengea udongo uleule chumba kimoja, mahali palepale. Haukupungua thamani hata kidogo kwa kulala miaka minane mvuani. Kitu gani kingine cha ujenzi kinakufanyia hivyo?

Ningekuwa na akili, somo hilo lingenitosha. Lakini nilikwenda Kampala, nikafanya biashara ya vipuri, nikapata hela, na hela ina namna yake ya kumfanya mtu aone aibu na vitu vya kwao. Kila nikirudi kwa Idi niliona nyufa. Kila mwaka Haboba na shangazi zangu walichanganya udongo Januari au Februari, jua likiwa kali, wakakandika upya zile nyufa, wakapaka chokaa. Niliona hiyo ni kazi ya watu wasio na uwezo. Methali niliijua kama kila mtoto wa shule: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 2009 nikaamua kuziba nyufa zote mara moja na milele.

Nilimleta fundi kutoka mjini, kijana stadi tu wa nyumba za matofali. Lawama si zake. Aligongomea waya wa kuku kwenye kiambaza, akapiga lipu ya saruji ndani na nje, unene wa inchi moja. Pembeni mwa nyumba tukamwaga zege ili watu wasikanyage tope. Nikapaka rangi ya mafuta, krimu juu na kahawia chini. Nyumba ilipendeza, siwezi kukataa. Nilipiga picha nikawatumia binamu zangu. Haboba alizunguka nyumba mara moja na mkongojo wake, akasema, "Umeifunga mdomo." Nikadhani ni maneno ya wazee.

Hakuwa anasema kwa mafumbo. Ukuta wa udongo unakunywa maji kutoka ardhini wakati wote, kidogokidogo, na kuyatoa hewani kupitia uso wake. Udongo, mavi ya ng'ombe na chokaa vyote vinaruhusu hiyo pumzi. Saruji inaiziba. Maji yakipanda yanakosa pa kutokea, yanakaa ndani, na nguzo zilizokuwa kavu kwa miaka 60 zinaanza kulowa miguuni. Zaidi ya hapo, udongo huvimba masika na kunywea kiangazi, lakini saruji haisogei. Basi hupasuka nyufa nyembamba kama unywele, maji ya mvua yanaingia kwa hizo nyufa na hayatoki. Na mchwa, ambao zamani njia zao za udongo ulikuwa unaziona ukutani na kuzifagia kwa ufagio asubuhi, sasa walikuwa na barabara iliyoezekwa, gizani, yenye unyevu. Niliwajengea mimi, kwa hela yangu.

Miaka mitatu ilitosha. Kwanza harufu, kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Kisha rangi ikaanza kutoka malengelenge. Kisha ule mlio wa debe.

Tulipobandua lipu ile Aprili, matete ndani yalikuwa unga. Ulikuwa ukiyashika yanamwagika. Nguzo saba kati ya kumi na moja za upande wa magharibi zilikuwa zimeoza kutoka kizingitini hadi urefu wa goti, na mbili zilikuwa zimebaki ganda tu. Upande ule ulikuwa umesimama kwa sababu ya saruji, na saruji ilikuwa imesimama kwa sababu ya waya wa kuku. Haboba alikuwa amelala umbali wa futi nne kutoka hapo kila usiku. Hiyo ndiyo picha inayonijia mpaka leo nikisikia mtu anasema anataka kuitengeneza nyumba ya kwao "iwe ya kudumu".

Fundi niliyemhitaji sasa alikuwa mzee wa kijiji cha jirani, mwenye jicho moja zima, aliyekuwa ameacha kazi kwa sababu hakuna aliyemwita. Alikuja na boda boda, akakataa chai, akagonga ukuta mzima kuanzia mlangoni, akachora alama za mkaa. Nilimwambia, "Mzee, niambie tu gharama." Akanijibu, "Mwanangu, niambie kwanza una muda gani." Alikataa kuanza masika. Tulitega paa kwa magogo, tukamhamishia Haboba upande wa mashariki, tukasubiri hadi Desemba.

Hakung'oa nguzo. Alikata sehemu iliyooza, akaunga mguu mpya wa musambya kwa kukata mshazari na kufunga, na chini ya kila mguu akaweka jiwe bapa ili mti usiguse udongo. Zege la pembeni tulilivunja kwa nyundo, siku nne. Maji yalikuwa yakilirukia na kupiga ukuta. Mahali pake tukachimba mfereji wa kuyapeleka maji ya paani shambani kwa migomba. Upenu aliurefusha futi moja na nusu. Alisema nyumba ya udongo inataka kofia nzuri na viatu vizuri, katikati itajitunza. Maneno hayo nimeyasikia baadaye kwa watu wengine wa kazi hii, kwa hiyo si yake peke yake, lakini kwangu yatakuwa yake.

Udongo tulikanyaga kwa miguu, ukalala siku tatu umefunikwa majani ya mgomba, ukakanyagwa tena. Mkono wa kwanza ukiukandika utapasuka, na uache upasuke; nyufa zile ndizo mkono wa pili unashika. Mimi nilitaka kuharakisha, nikapiga wa pili siku ya tano upande mmoja, na upande huo ukadondoka wote, kama ngozi. Nilianza upya huku shangazi akinicheka.

Kitu kilichokaribia kunishinda ni chokaa. Haboba alitaka chokaa halisi, si rangi nyeupe ya kopo. Niliagiza ya mawe kutoka Kasese. Chokaa mbichi hutiwa kwenye maji, si maji kwenye chokaa, na usiwe karibu na uso: inachemka yenyewe na kurusha matone yanayounguza macho. Pipa letu lilitoa moshi nusu saa, watoto wa kijiji wote wakaja kutazama. Tuliiacha mwezi mmoja, ikawa laini kama siagi. Kisha ikazimuliwa, ikatiwa chumvi kidogo, ikapakwa nyepesi mara tano. Ukiipaka ikiwa nzito inachunika. Haboba, aliyekuwa haoni vizuri tena, alipitisha kiganja ukutani kuhukumu kila mkono.

Alifariki 2014, katika chumba kilekile, ukuta ukiwa mkavu.

Baada ya arobaini ndipo vita vya kweli vilipoanza. Binamu yangu mmoja alikuja na wazo ambalo kwa hesabu halikuwa baya: tuibomoe, tujenge mizigo kumi, yaani vyumba vya kupangisha kama wanavyoviita Uganda. Bombo inakua, askari na walimu wanatafuta vyumba, na kila mtoto wa ukoo angepata chochote mwisho wa mwezi. Mimi nilizungumza habari za Keya na Burma, nikaona macho ya watu yanakwenda kwenye simu zao. Historia hailipi karo. Mjomba aliniambia waziwazi kwamba naipenda nyumba kwa sababu silali humo.

Alikuwa na haki. Nilitafuta msaada serikalini nikidhani jengo la miaka karibu 70 lina mwenyewe. Uganda ilikuwa na sheria ya majengo ya kihistoria tangu 1967, lakini sheria ya namna hiyo inalinda kilichoandikishwa, na nyumba ya askari wa kawaida haiandikishwi na mtu. Nikafikiria Kasubi. Makaburi ya wafalme wa Buganda yaliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, yakaungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010, na yalitoka kwenye orodha ya hatari mwaka 2023 tu. Fedha zilisaidia, ndiyo. Lakini hata na fedha, kuezeka kulihitaji watu wa ukoo wa Ngeye, ambao kazi hiyo ni yao kwa kurithishana. Sisi ukoo wetu ulikuwa na nani? Shangazi wawili wenye magoti mabovu na mzee wa jicho moja.

Basi tulikubaliana hivi, na haikuwa siku moja, ilikuwa vikao vitano na ugomvi wa Idi mbili. Mahali palipokuwa na kile kilima cha pili ambacho hatukukijenga, tumejenga mizigo mitatu ya matofali ya kuchoma. Kodi ya mmoja ni ya nyumba: mafuta ya lori la udongo, chokaa, posho ya mafundi, busuulu, yaani kodi ya ardhi, ya kibanja. Kodi ya miwili inagawanywa. Nyumba ya babu anakaa binamu yuleyule aliyetaka kuibomoa, yeye na mkewe na watoto wanne, bila kulipa, kwa sharti la kuwasha jiko na kufagia njia za mchwa kila asubuhi. Nyumba isiyo na moshi na ufagio haichukui miaka mitatu. Kwenye karatasi mpango huu una matundu mengi. Mwaka juzi mpangaji mmoja alikimbia na kodi ya miezi minne, na chokaa hatukupaka.

Mzee wa jicho moja naye amekwenda. Nilimrekodi Haboba kwa simu akisimulia safari ya Sudan, saa mbili nzima, lakini najuta kwamba mikono ya yule mzee sikuirekodi hata dakika moja, maana nilikuwa nimeshika udongo. Binti yangu amepima nyumba yote kwa futi kamba na kuichora, kila nguzo na namba yake, na ameandika ni ipi ya 1947 na ipi ya 2012. Mchoro huo uko ndani ya plastiki, nyuma ya mlango wa mvule.

Wiki iliyopita binamu alinipigia. Nilijua shida ni ya nyumba kwa sababu alianza kwa kunisalimia sana. Pembe ya kusini, karibu na bafu la nje, imeanza kutoa mlio. Nikamuuliza mlio gani. Akaweka simu ukutani akagonga, mara tatu, nikamwambia agonge tena chini kidogo. Halijawa debe. Ni gunia lililolegea. Nimemwambia vijana wake wavunje kichuguu cha kule kwenye migomba na waloweshe udongo Alhamisi. Mimi nitafika Jumamosi, na nimemwonya mwanawe mkubwa, aliyeanza kazi ya ujenzi mjini, asije na mfuko wa saruji.